Karo Haina Msimu

Msimu ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu. Wahenga wa pwani walilitumia kwa pepo: kaskazi iliyaleta majahazi, kusi ikayarudisha. Nilipokuwa msimamizi wa nyumba za makuti za kupangisha wageni huko Tezo, Kilifi, wakati wa likizo ya Desemba, nililikuta neno hilo na maana nyingine. Kaskazi huleta watalii, masika yakiingia, wapishi na wafagiaji huambiwa, "Msimu umekwisha." Lakini karo ya shule haina msimu.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 37, humpa kibarua aliyefanya kazi mwezi mmoja mfululizo haki ya kupewa notisi. Walimu wenzangu, tuwafundishe vijana kifungu hicho pamoja na adabu ya kuwakaribisha wageni. Baharia alijua upepo utarejea. Kibarua hajui kama ataitwa tena.