Kinanda Kilichotoka Kanisani: Saksafoni ya Tenori na Kinanda cha Hammond Katika Jazi ya Marekani

Mwaka 1935, huko Chicago, fundi wa saa za umeme aitwaye Laurens Hammond alianza kuuza kinanda ambacho hakikuwa na bomba hata moja wala mivukuto. Ndani yake magurudumu madogo ya chuma yalizunguka mbele ya sumaku, na umeme uliotokana na mzunguko huo uligeuzwa kuwa sauti. Miongoni mwa wanunuzi aliowakusudia walikuwamo makanisa yasiyo na uwezo wa kujenga kinanda kikubwa cha mabomba. Watengenezaji wa vinanda vya mabomba walilalamika, na mwaka 1938 Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani ikaiamuru kampuni yake iache kudai kwamba chombo hicho chaweza kutoa sauti zote za kinanda cha mabomba. Amri hiyo haikuyazuia makanisa. Sharika za Wamarekani Weusi zilikipokea, wala hazikujali sana kama kinafanana na vinanda vya Ulaya. Zilikifundisha kusema lugha yao.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu wanafunzi wetu wanapojadili vyombo vya muziki ibadani huelekea kudhani kwamba njia ni moja tu: kitu cha dansi huingia kanisani na kupachafua. Jazi iliyoitwa ya soul, yaani ya nafsi, yatuonyesha pia mwendo wa kinyume. Ni kweli kwamba wapiga jazi walikigusa kinanda cha Hammond mapema; Fats Waller, ambaye naye alikuwa mtoto wa mhubiri, alikipiga kabla ya kufa kwake mwaka 1943. Lakini mtindo uliostawi vilabuni katika miaka ya 1950 na 1960 haueleweki pasipo mimbari.

Katika sharika nyingi za Weusi wa Marekani hubiri huanza kwa maneno ya kawaida, kisha hushika mapigo, na mwishoni hukaribia kuwa wimbo. Mhubiri hutamka kifungu, huvuta pumzi, na katika nafasi hiyo mpiga kinanda humjibu, pamoja na watu. Hammond yafaa sana kwa kazi hiyo. Sauti ya piano hufifia mara nota inapopigwa, bali ya Hammond hudumu muda wote kidole kiwapo juu yake. Mguu wa kulia huiongeza au kuipunguza kwa kanyagio. Kisha kuna kipaza sauti cha Donald Leslie, kilichoanza kuuzwa mwaka 1941, ambacho pembe yake huzunguka, hata sauti ikatetemeka kama ya mtu aliye karibu kulia.

Sasa mwondoe mhubiri, na mahali pake mweke mpiga saksafoni ya tenori. Sauti ya chombo hicho i karibu na sauti ya mwanamume mtu mzima, na hutolewa kwa pumzi. Mpigaji hana budi kunyamaza ili avute hewa. Kinanda hakina haja ya kupumua. Hapo ndipo ilipo siri ya ushirika wa vyombo hivi viwili, kuliko katika ufundi wa vidole. Mmoja husema na kukoma, mwingine hulishika lile lililosemwa lisianguke.

Aliyekifanya kinanda hiki kuwa chombo kikuu cha jazi ni Jimmy Smith wa Norristown, Pennsylvania, aliyeanza kurekodi kwa kampuni ya Blue Note mwaka 1956. Mkono wake wa kushoto na miguu vilibeba besi, hivyo hakuhitaji mpiga besi, jambo lililowafaa wenye vilabu vidogo. Mwezi Februari 1958 alirekodi kipande kiitwacho The Sermon, yaani Hubiri: blues ya mzunguko wa vipimo 12, inayoendelea kwa dakika 20 hivi, ambamo Tina Brooks apiga tenori na wenzake kupokea kwa zamu. Tarehe 25 Aprili 1960 alikutana na Stanley Turrentine wa Pittsburgh, na kazi ya siku hiyo moja ikatoa santuri mbili, Back at the Chicken Shack na Midnight Special. Mwaka 1963 wakarekodi tena pamoja, na santuri ikaitwa Prayer Meetin', mkutano wa maombi.

Hata hivyo, mimi binafsi humpendelea Shirley Scott. Alizaliwa Philadelphia mwaka 1934, akajulikana akiwa na mpiga tenori Eddie "Lockjaw" Davis, ambao mwaka 1958 walirekodi santuri za Cookbook. Baadaye aliolewa na Turrentine, na katika miaka ya 1960 walirekodi pamoja mara nyingi. Smith hujaza chumba, Scott hungoja. Mumewe amalizapo kifungu, yeye huacha kitambo kidogo kipite kabla ya kujibu, kama mama wa usharika ambaye hasemi "Amina" mpaka amesikia. Uzeeni alifundisha katika Chuo Kikuu cha Cheyney, akafariki mwaka 2002, miaka miwili baada ya Turrentine.

Je, hilo ni hubiri? Niliwasikilizisha wanafunzi wa mwaka wa tatu kipande cha mwaka 1958, na mmoja akasema, "Mwalimu, huyu anahubiri kweli, lakini sijaisikia Injili." Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, maana amegusa jambo lililomsumbua Augustino katika kitabu cha kumi cha Maungamo, anapokiri kwamba mara nyingine uimbaji wamgusa kuliko lile linaloimbwa. Kuguswa si kuamini, na umbo la hubiri lisilo na Neno halimtangazi Kristo kwa mtu yeyote. Walakini tusiwe wepesi kujivuna. Wapo miongoni mwetu walio na Neno mkononi, nao husoma mimbarini kama mtu asomaye orodha ya michango.

Tangu siku ile, katika kipindi cha kuhubiri, humwagiza kila mwanafunzi asome aya moja ya Injili kwa sauti, kisha anyamaze kwa kadiri ambayo Turrentine angevuta pumzi, ndipo aendelee. Wengi hawawezi, hulirukia neno linalofuata kabla wenzao hawajalipokea la kwanza.