Je, Wajua? Kazi ya Ndege Iko Miguuni

Wahenga walisema kila ndege huruka kwa ubawa wake. Lakini ukitaka kujua anakula nini na analala wapi, mtazame miguu. Waanze kutufundisha ndege wa Arua na Koboko, katika eneo la West Nile nchini Uganda, na wa kandokando ya mto Nile.

Goti si goti. Kile kiungo kinachokunjikia nyuma ni kifundo cha mguu. Ndege hutembea kwa vidole. Goti lake limefichwa na manyoya. Kwa kuku, utalikuta sahanini, pale paja linapoungana na kipande cha chini.

Vidole hujikunja. Watoto wengi wamewahi kuvuta kano za mguu wa kuku aliyechinjwa, wakaona vidole vikifumbata. Kuku hai akichutama tawini, kano hizohizo huvutika na kumsaidia kushika bila kuchoka.

Marabu hujichafua kwa faida. Korongo huyu mwenye upara, mzoefu wa majalala ya miji ya Uganda, hujinyea miguuni kukiwa na joto. Majimaji yakikauka, damu hupoa. Ule weupe miguuni ni kinyesi. Ngozi yenyewe ni ya kijivu.

Korongo taji hupanda mitini. Ndege huyu yumo katika bendera ya Uganda tangu 1962. Jamaa yake ina spishi 15, na mbili tu, zote zenye taji, ndizo hulala juu ya miti. Siri yao ni kidole kirefu cha nyuma kinachofumbata tawi. Wakiwa malishoni, hupiga ardhi kwa miguu ili wadudu wakurupuke.

Sile-maua hutembea juu ya majani. Kwenye mabwawa yenye mayungiyungi, vidole vyake virefu husambaza uzito, jani lisizame. Dume ndiye mlezi. Hatari ikija, huwabeba vifaranga chini ya mbawa, vijiguu vikining'inia nje, akaonekana ana miguu chungu nzima.

Teleka hatembei. Mivumo ya West Nile ni nyumba ya teleka wadogo wenye vidole vinne vinavyoweza kuelekea mbele vyote kama kulabu. Vidole hivyo humwezesha teleka kuning'inia wima kwenye jani linalopeperushwa na upepo, na hapohapo huatamia mayai aliyoyagandisha kwa mate.

Karani tamba huua kwa teke. Huyu hupatikana Kidepo, kaskazini-mashariki mwa Uganda. Mwaka 2016 watafiti nchini Uingereza walipima teke la karani tamba anayefugwa: lilikuwa na nguvu ya takriban mara tano ya uzito wake, na mguu uligusa shabaha kwa sehemu 15 tu kati ya 1,000 za sekunde. Kufumba na kufumbua jicho huchukua takriban mara kumi ya muda huo. Shabaha yake kwa nyoka ni kichwa.