Mkono Mtupu Mbele ya Altare: Sala ya Nabii Habakuki Katika Mwaka wa Hasara



Sisi tunaoishi katika milima ya Usambara tunaujua vizuri msemo wa wahenga kwamba mkono mtupu haulambwi. Msemo huo hutuuma zaidi pale mvua za masika zinapozidi kiasi. Maharage huozea shambani, nyanya hushambuliwa na ukungu, na udongo wa mteremko hushuka pamoja na miche. Barabara ya Lushoto kwenda Mombo ikizibwa na tope, kabichi na karoti zilizokuwa ziende Dar es Salaam huharibika zikiwa ndani ya magunia. Mkulima aliyekopa fedha za mbegu na mbolea hubaki na deni, wala hana cha kuuza.

Katika kigango kimoja huku milimani, mama mmoja hakuonekana kwenye Misa Dominika tatu mfululizo. Wanajumuiya walipokwenda kumjulia hali walimkuta mzima wa afya. Alisema tu kwamba hana uso wa kwenda kanisani: zaka hana, sadaka ya mavuno hana, na jina lake limo miongoni mwa wale ambao hawajamaliza mchango. Aliahidi kurudi Mungu atakapomjalia mavuno mema. Maneno yale yalitunyamazisha, kwa maana wengi wetu tumewahi kuyasema moyoni.

Basi tujiulize: je, katika mwaka wa hasara mwamini akae mbali na Mungu mpaka apate cha kumpelekea? Jibu tunalipata katika kitabu kifupi cha Agano la Kale ambacho wengi wetu hukipita bila kukisoma, yaani Kitabu cha Nabii Habakuki.

Kitabu hiki kina sura tatu tu. Nabii alihubiri kuelekea mwisho wa karne ya 7 kabla ya Kristo, wakati Wakaldayo wa Babeli walipokuwa wakipata nguvu. Hao ndio waliokuja kuubomoa Yerusalemu mwaka 587 kabla ya Kristo. Habakuki haanzi kwa sifa. Anaanza kwa kulalamika, akimwuliza Mungu atalia mpaka lini bila kusikilizwa (Hab 1:2). Kisha anapanda mahali pa ulinzi kungoja jibu (2:1). Mungu hamkaripii kwa kuuliza. Anamwambia angoje, kwa kuwa ahadi itatimia hata ikionekana kukawia, na kwamba mwenye haki ataishi kwa imani (2:3-4). Neno hilo ndilo Mtume Paulo alilolichukua kueleza Injili yake kwa Warumi (Rum 1:17).

Sura ya tatu ni sala, na karibu na mwisho wake nabii anahesabu hasara sita: mtini, mzabibu, mzeituni, mashamba, kondoo zizini na ng'ombe mabandani (3:17). Anahesabu kama mkulima anayezunguka shambani kwake asubuhi baada ya mvua kubwa. Hafichi hata hasara moja. Ndipo, mikono ikiwa mitupu kabisa, anatamka kwamba hata hivyo atafurahi katika Bwana, Mungu wa wokovu wake (3:18).

Tuielewe vema furaha hiyo. Nabii hasemi kwamba hasara ni jambo jema, wala hajilazimishi kucheka. Tena hasemi kwamba aliyepoteza mazao ameadhibiwa kwa dhambi zake. Bwana wetu Yesu Kristo mwenyewe, akitaja watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu, alikataa wazo kwamba wao walikuwa wakosefu kuliko wengine (Lk 13:4-5). Furaha ya Habakuki yatokana na kujua kwamba Mungu hakuwa wake kwa sababu ya mtini, na kwa hiyo mtini ukikauka, Mungu angali wake.

Kuna jambo jingine ambalo ni rahisi kulipita. Aya ya mwisho ya kitabu inamalizika kwa maelekezo kwa kiongozi wa waimbaji, pamoja na vinanda (3:19). Maana yake ni kwamba sala hii ya mtu aliyepoteza kila kitu iliwekwa iimbwe mbele ya kusanyiko la ibada. Mwenye hasara hakuambiwa akalie nyumbani. Kilio chake kilifanywa sala ya watu wote.

Kanisa limeitunza hekima hiyo. Watawa wa Kitrapisti waliotoka Mariannhill, Afrika Kusini, na kuanzisha misioni ya Gare mwaka 1897, walifuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, inayoagiza Zaburi zote 150 zisaliwe ndani ya juma moja. Takribani theluthi ya Zaburi hizo ni za maombolezo. Kwa hiyo tangu imani yetu Katoliki ilipofika katika milima hii, sala ya mtu mwenye mikono mitupu ilifika pamoja nayo.

Tutazame pia kinachofanyika altareni. Wakati wa kuandaa vipaji, padre hutia tone la maji katika divai. Tone hilo halina bei sokoni, nalo likiisha kuingia katika kikombe haliwezi kutengwa tena na divai. Ni ishara ya sisi wanadamu kuunganishwa na Kristo. Anayefika na machozi yake tu anacho cha kutia katika kikombe hicho.

Sheria ya Kanisa nayo inasema wazi. Ni kweli kwamba waamini wana wajibu wa kulitegemeza Kanisa, na pia wajibu wa kuwasaidia maskini (Kanuni ya 222). Lakini Kanuni ya 848 yaagiza uangalifu ili wahitaji wasikose msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini, na Kanuni ya 945 yawahimiza mapadre kuadhimisha Misa kwa nia za waamini, hasa wahitaji, hata pasipo kupokea sadaka. Mtume Paulo, alipokuwa akikusanya mchango, aliwafundisha Wakorintho kwamba kipaji hukubalika kwa kadiri ya alicho nacho mtu, si kwa asicho nacho (2 Kor 8:12).

Kwa hiyo, ndugu uliyepata hasara, usiikimbie Misa. Njoo jinsi ulivyo, umweleze Mungu hasara zako moja baada ya nyingine, kama alivyofanya nabii. Nasi viongozi wa jumuiya na vigango tujihoji. Je, namna tunavyosoma majina ya wasiomaliza michango haiwafukuzi maskini wa Bwana? Kabla ya kuuliza kwa nini fulani hajatoa, tuulize shamba lake liko katika hali gani. Debe la mbegu ya maharage kwa aliyepoteza mazao, au siku moja ya kumsaidia kuinua matuta yaliyobomoka, ni matoleo ambayo Mungu huyapokea.

Mama yule alirudi kanisani Dominika iliyofuata, akiwa na majirani wawili waliompitia nyumbani. Wakati wa matoleo alitoka pamoja na wengine, mkono mtupu, akainama mbele ya altare, akarudi mahali pake.

Habakuki anamaliza kwa kusema kwamba Mungu huifanya miguu yake kuwa kama ya paa, na kumwezesha kutembea mahali palipoinuka. Sisi wa Usambara tunajua ilivyo kazi kupanda mlima baada ya mvua, njia ikiwa utelezi. Hakuna anayepanda salama bila kushikwa mkono, na mkono mtupu ndio ulio rahisi kushikwa.

Mama Bikira Maria, aliyesimama chini ya Msalaba bila kitu mkononi, atuombee.