Je, wajua mgongo wa kioo umebeba nini?

Mtu wa kimo cha sentimita 170 akitaka kujiona mzima, utosini hadi kwenye soli za viatu, hahitaji kioo cha sentimita 170. Cha 85 kinamtosha, mradi kisimame wima na ukingo wake wa juu uwe katikati ya macho na utosi. Asogee mbele, arudi nyuma, kipimo ni kile kile. Muuza nguo wa Migori anayemwambia mteja arudi nyuma kidogo aone miguu anamsumbua bure. Afadhali akiinamishe kioo chenyewe.

Kuinamisha huko ndiko sifa ya kioo cha kusimama. Maseremala wa Denmark wa miaka ya 1950 na 1960 walikipunguzia uzito: fremu nyembamba ya mtiki, miguu inayochongoka kuelekea chini, nakshi hakuna. Mtiki wenyewe haukuota Denmark, ulisafirishwa kwa meli kutoka Thailand na Burma. Fundi mzuri wa Homa Bay anaweza kuiga umbo hilo kwa mvule bila taabu.

Kazi ngumu iko mgongoni. Utando wa fedha, mwembamba kuliko unywele, hushikishwa kwenye kioo kwa kemia aliyoigundua Mjerumani Justus von Liebig mwaka 1835. Juu yake, kwa desturi, hupakwa shaba, kisha rangi. Rangi ikichubuka ukingoni, unyevu hupenya, na yale madoa meusi huanza kutambaa kuelekea katikati. Shaba nayo Migori inaijua: wakati Wadenmark wakichonga fremu zao, mgodi wa Macalder ulikuwa ukiichimba pamoja na dhahabu, kwa umeme wa maporomoko ya Gogo kwenye mto Kuja. Ulifungwa mwaka 1966.

Kabla ya Liebig, mgongo ulikuwa wa zebaki. Mafundi wa Ulaya walitandaza karatasi ya madini ya bati mezani, wakaimwagia zebaki, wakatelezesha kioo juu yake na kukikandamiza kwa mawe. Mvuke uliwaingia mapafuni, mikono ikaanza kutetemeka, fizi zikaoza.

Viwanda vya vioo viliachana na zebaki. Macalder, hata baada ya mgodi kufungwa, haijaachana nayo. Wachimbaji wadogo huimimina kwenye karai lenye unga wa mawe uliosagwa, huikoroga kwa mikono mitupu, na zebaki hushikana na dhahabu kama ilivyoshikana na bati. Donge hukamuliwa kwa kitambaa, kisha huchomwa jikoni. Kwa nyuzi 357 za selsiasi zebaki huchemka na kupaa, dhahabu ikabaki. Mvuke huo hauna rangi wala harufu, kwa hiyo anayechoma hushtukia madhara baadaye sana. Sehemu yake hurudi ardhini na majini, ambako vijidudu huigeuza kuwa sumu inayojikusanya kwenye samaki.

Chungu cha chuma chenye kifuniko na bomba kinatosha kuunasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki ya kutumia tena. Mchomeleaji yeyote wa jua kali anaweza kukitengeneza.