Je, Wajua? Siri za CD na Sampuli za Kuongezwa

Je, wajua kuwa CD hubeba vipimo 44,100 vya sauti kwa kila sekunde, na hiyo ni kwa spika moja tu? Kila kipimo huitwa sampuli. Kila sampuli ina biti 16, yaani inaweza kuangukia kwenye ngazi yoyote kati ya 65,536.

Kwa nini 44,100, namba isiyokaa vizuri hata mdomoni? Ilitoka kwenye video. Kabla ya CD, sauti ya dijitali ilihifadhiwa kwenye kanda za video, sampuli 3 kwa kila mstari wa picha. Zidisha kwa mistari 245, kisha kwa mara 60 ambazo mistari hiyo ilichorwa kwa sekunde. Kwa mfumo wa Ulaya ilikuwa mistari 294 mara 50. Piga hesabu mwenyewe uone.

Je, wajua kuwa ile michoro ya matangazo ya mitambo ya kuongeza sampuli, inayoonyesha sauti ya CD imekatika vidato kama ngazi, inapotosha? Mrusi Vladimir Kotelnikov mwaka 1933, na Mmarekani Claude Shannon mwaka 1949, walionyesha kwa hesabu kuwa ukipima zaidi ya mara mbili ya mtetemo wa juu kabisa, wimbi lote hurejeshwa, pamoja na kilichopita katikati ya vipimo. Kwa CD, mpaka ni mitetemo 22,050 kwa sekunde. Sikio zima la kijana huishia kwenye 20,000 hivi. La babu yake huishia chini zaidi, ingawa mara nyingi babu ndiye mwenye fedha za kununua mitambo ya bei mbaya.

Je, wajua sampuli za kuongezwa hutoka wapi? Kwenye kikokotoo. Ukipandisha CD hadi sampuli 96,000 kwa sekunde, kwa kila sampuli 147 zilizorekodiwa mashine hutoa 320. Hakuna hata moja inayoongeza jambo lililofanyika studio. Mpiga gitaa alishakwenda nyumbani.

Hata hivyo, kazi hiyo si upuuzi, na hapa ndipo wauzaji na wapinzani wao hukosana. Deki inapogeuza namba kuwa umeme huzaa pia takataka juu ya mitetemo 22,050, na lazima zichujwe bila kugusa muziki unaofika 20,000. Nafasi hiyo ni finyu mno. Sony CDP-101, iliyoingia madukani Japani tarehe 1 Oktoba 1982, ilitumia kichujio cha umeme chenye mkato mkali. Philips, ambao chipu yao ilikuwa ya biti 14 tu, walizidisha sampuli mara 4 hadi 176,400. Takataka zikasukumwa mbali, kichujio chepesi kikatosha, na chipu ya biti 14 ikafanya kazi ya biti 16.

Kwa hiyo, je, wajua kuwa karibu kila deki iliyokuja baadaye huongeza sampuli kimyakimya? Kisanduku cha ziada cha kuongeza sampuli unachouziwa kinarudia kazi ileile, kwa kichujio kingine. Tofauti ikisikika, anza kwa kukagua ukubwa wa sauti: mtambo unaopaza kidogo tu zaidi husikika mtamu zaidi.

Na ubora unaozidi CD, je, husikika? Mwaka 2007 watafiti Meyer na Moran wa Marekani walitoa matokeo ya majaribio 554. Muziki wa ubora wa juu kuliko CD ulipitishwa, au haukupitishwa, kwenye kiwango cha CD, na msikilizaji akatakiwa kutambua. Majibu sahihi: 276. Ukirusha shilingi utapata karibu hivyohivyo.

Je, wajua kuongeza sampuli kunaweza hata kuharibu? CD nyingi tangu miaka ya 1990 zimepandishwa sauti hadi darini, yaani ngazi ya mwisho. Kilele halisi cha wimbi kinaweza kuangukia kati ya sampuli mbili, juu ya dari hiyo, na mashine isiyoacha nafasi hukikata. Sauti hukwaruza.

Na ile CD ya mtaani iliyochomwa kutoka MP3 ya kilobiti 128? Deki itasoma biti 1,411,200 kila sekunde kama kawaida, lakini kilichotupwa wakati wa kubana wimbo hakirudi, hata ukiipandisha hadi 192,000.