Lugha nyepesi, hazina kongwe: Namna Python inavyoziendesha maktaba za ramani

MTU anayetaka kujua ni nyumba ngapi za bonde la Mto Msimbazi, jijini Dar es Salaam, zitaingiwa na maji endapo mvua itapita kiasi, hahitaji kuandika programu mpya ya kompyuta kuanzia mstari wa kwanza. Kazi ngumu ya kusoma picha za setilaiti, kuoanisha vipimo vya ramani na kukokotoa maeneo ilikwishaandikwa na watu wengine miaka mingi iliyopita.

Linalobaki ni kuziagiza programu hizo zifanye kazi kwa mpangilio unaotakiwa. Agizo hilo huandikwa katika lugha nyepesi ya kompyuta, ambayo wataalamu huiita lugha ya skripti. Mara nyingi huwa mistari michache tu, lakini nyuma yake hujikokota kazi ya miongo kadhaa.

Utaratibu huo ndio unaoendesha sehemu kubwa ya kazi za sayansi, benki na serikali duniani hivi leo. Una faida kubwa kwa nchi zisizo na fedha nyingi, lakini pia una mitego ambayo isipojulikana huweza kutoa jibu lisilo sahihi pasipo mtu yeyote kugutuka.

Maktaba ni nini?

Katika fani ya kompyuta, maktaba ni mkusanyiko wa programu ndogo ndogo zilizokwishaandikwa na kujaribiwa, ambazo programu nyingine huweza kuziita zifanye kazi fulani. Nyingi kati ya zile zinazobeba hesabu nzito ziliandikwa kwa lugha za Fortran, C na C++. Lugha hizo hugeuzwa kuwa amri za mashine kabla ya kutumika, na kwa sababu hiyo hukimbia kwa kasi kubwa.

Kasi hiyo ina gharama yake. Mwandishi wa C hulazimika kuiambia kompyuta kila jambo: ukubwa wa kila namba, mahali pa kuihifadhi katika kumbukumbu, na wakati wa kuifuta. Kosa dogo huweza kuiangusha programu nzima.

Lugha za skripti zilizaliwa ili kupunguza mzigo huo. Python, iliyo mashuhuri zaidi miongoni mwao, ilianzishwa na Mholanzi Guido van Rossum wakati wa likizo ya Krismasi mwaka 1989 na kutolewa kwa umma mwaka 1991. Jina lake halitokani na nyoka chatu, kama wengi wanavyodhani, bali na kundi la wachekeshaji wa Uingereza liitwalo Monty Python.

Python ni rahisi kuandika na kusoma, lakini katika hesabu nzito huachwa mbali na C. Ndipo lilipozaliwa wazo la kugawana kazi: skripti itoe maagizo, maktaba ibebe mzigo.

Daraja kati ya lugha mbili

Lugha hizo mbili haziwezi kuzungumza moja kwa moja. Namba ya Python haihifadhiwi katika kumbukumbu kama inavyohifadhiwa namba ya C, na orodha ya Python si kitu kimoja na safu ya namba ya C. Katikati huhitajika programu ya tatu, mithili ya mkalimani, inayopokea ombi upande mmoja, kuligeuza, kuliwasilisha upande wa pili na kurudisha jibu.

Zamani mkalimani huyo aliandikwa kwa mkono, kazi yenye kuchosha na yenye makosa mengi. Mwaka 1995 David Beazley, aliyekuwa katika Maabara ya Taifa ya Los Alamos nchini Marekani, alitengeneza chombo kiitwacho SWIG. Chombo hicho husoma orodha ya kazi zilizomo katika maktaba ya C na kuunda daraja hilo chenyewe.

Miongoni mwa maktaba zinazotumia SWIG ni GDAL, iliyoanzishwa mwaka 1998 na Frank Warmerdam wa Canada. Kazi yake ni kusoma na kuandika data za ramani na picha za setilaiti. Data hizo hutolewa na mashirika mbalimbali katika miundo mingi ya faili isiyofanana, lakini mbele ya GDAL zote hufunguliwa kwa namna moja.

GDAL nayo huitegemea maktaba kongwe zaidi iitwayo PROJ, ambayo chimbuko lake ni kazi ya Gerald Evenden wa Idara ya Jiolojia ya Marekani katika miaka ya 1980. PROJ hushughulikia swali la tangu zama za mabaharia: namna ya kuulaza mviringo wa dunia juu ya karatasi bapa.

Kutoka Indonesia hadi Tandale

Mwezi Desemba mwaka 2011, mafuriko makubwa yaliikumba Dar es Salaam, yakaua makumi ya watu na kuwaacha maelfu bila makazi. Maeneo mengi yaliyoathirika yalikuwa ya makazi yasiyopimwa, ambako ramani rasmi hazikuonyesha nyumba, njia wala mifereji.

Kuanzia mwaka 2015, mradi uitwao Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Ardhi, pamoja na wakazi wenyewe, kuchora ramani za kata zinazokumbwa na mafuriko. Data walizokusanya ziliingizwa katika ramani huria ya dunia ya OpenStreetMap.

Katika kuzichambua, ilitumika programu ya ramani ya QGIS na nyongeza yake iitwayo InaSAFE, iliyoanzishwa Indonesia kwa ushirikiano na Australia na Benki ya Dunia. InaSAFE huchukua ramani ya maji na ramani ya majengo, huzilaza moja juu ya nyingine, kisha hukadiria idadi ya majengo na watu watakaoathirika.

InaSAFE imeandikwa kwa Python. Chini yake ipo QGIS iliyoandikwa kwa C++, na chini ya QGIS zipo GDAL na PROJ. Waliobuni InaSAFE hawakulazimika kuwa mabingwa wa hesabu za umbo la dunia. Walitakiwa kuyajua maafa na kujua namna ya kuuliza. Programu zote hizo ni huria na hazilipiwi, hivyo mwanafunzi wa Dar es Salaam hutumia maktaba ileile inayotumiwa na makampuni makubwa ya ramani ulimwenguni.

Mtego wa kwanza: kasi

Kuwa na daraja si kibali cha kulivuka ovyo. Picha ya setilaiti yenye upana wa pikseli 10,000 na urefu wa pikseli 10,000 ina jumla ya pikseli milioni 100. Skripti inayoomba pikseli moja moja italivuka daraja mara milioni 100, na kila safari ina gharama ya kutafsiri.

Dawa yake ni kuomba picha nzima, au kipande kikubwa, kwa mara moja. Kwa kazi hiyo watumiaji wa Python wana maktaba ya NumPy, iliyotolewa mwaka 2006 na Travis Oliphant kutokana na kazi za wengine waliomtangulia. NumPy huhifadhi namba kama C inavyozihifadhi, hivyo hesabu yote hufanyika ng'ambo ya pili na jibu tu ndilo hurudi.

Mtego wa pili: namba kutotosha

Namba nzima ya Python haina kikomo, lakini ya maktaba inacho. Picha nyingi huhifadhi kila pikseli katika biti 8, yaani namba kuanzia 0 hadi 255. Katika safu ya namna hiyo ya NumPy, 200 ikijumlishwa na 100 jibu si 300 bali ni 44, kwa kuwa hesabu hupita kikomo na kuanza upya. Hakuna kengele inayolia.

Madhara ya namba kutotosha yanajulikana vema katika historia ya anga. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya ya Ariane 5 ililipuka sekunde zipatazo 40 tu baada ya kuruka. Sehemu ya programu yake ilikuwa imechukuliwa kutoka Ariane 4, ambako ilifanya kazi bila tatizo. Roketi mpya ilikuwa na mwendo mkubwa zaidi, na namba moja ikashindwa kuingia katika nafasi ya biti 16, ambayo mwisho wake ni 32,767.

Roketi hiyo haikuendeshwa kwa lugha ya skripti, lakini funzo lake linamhusu kila anayetumia programu ya mwingine: programu iliyo sahihi mahali ilipozaliwa inaweza kukosea inapohamishwa.

Mtego wa tatu: kosa lisilopiga kelele

Python inapokutana na kosa husimama na kutoa taarifa. Maktaba nyingi za C hazina desturi hiyo. Hurudisha alama ya kushindwa na kumwachia mwitaji aikague. GDAL ilipopewa daraja la Python, desturi ya C ilivuka pamoja nayo.

Kwa sababu hiyo, skripti inayoandika ramani katika diski iliyojaa inaweza kuendelea hadi mwisho kana kwamba mambo ni shwari, huku faili likibaki na mapengo. Mwandishi wa skripti hutakiwa kuiamuru GDAL waziwazi kwamba kila kosa lisimamishe kazi.

Upo pia mgogoro wa umiliki. Python hufuta kitu chochote ambacho haoni mtu anayekishikilia. Skripti ikifungua faili la picha, ikachukua tabaka moja ndani yake, kisha ikaliachia faili lenyewe, Python inaweza kulifuta faili hilo katika kumbukumbu bila kujua kwamba tabaka bado linalitegemea. Tabaka hubaki kama ufunguo wa nyumba iliyokwishabomolewa, na kwa miaka mingi kuutumia ufunguo huo kuliweza kuiangusha programu yote.

Siku Dar es Salaam ilipoweza kuhamia Hispania

Mtego mwingine ni mabadiliko ya maktaba yenyewe. Mwezi Mei mwaka 2019 lilitoka toleo la 3.0 la GDAL. Kabla yake, skripti nyingi ziliandika longitudo kwanza, kisha latitudo. Toleo jipya lilifuata kanuni rasmi, ambayo kwa mfumo unaotumika zaidi huweka latitudo mbele.

Dar es Salaam ipo takriban nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta na nyuzi 39.3 mashariki. Skripti ya zamani iliyoendeshwa juu ya maktaba mpya bila marekebisho ingeweza kuzisoma namba hizo kinyume, na jiji likaangukia magharibi mwa Hispania, karibu na mpaka wa Ureno.

Kosa la ukubwa huo huonekana upesi. La hatari zaidi ni lile dogo, la mita mia moja au mia mbili, linaloihamisha nyumba kutoka ukingo wa mto hadi mwinuko, kisha likaingia katika taarifa inayosomwa na ofisa wa maafa.

Nani huitunza hazina?

Maktaba haiharibiki kwa kutu, lakini huzeeka. Mifumo ya kompyuta hubadilika, miundo mipya ya faili huzaliwa, na mianya ya usalama hugunduliwa. Lazima awepo mtu wa kuitunza.

Kwa miaka mingi mzigo mkubwa wa GDAL umebebwa na watu wachache, Mfaransa Even Rouault akiwa mstari wa mbele. Mwaka 2021 ulianzishwa mpango wa udhamini, ambapo makampuni yanayoitegemea, zikiwamo Microsoft, Amazon na Esri, yalianza kuchangia fedha za matunzo. Hadi wakati huo maktaba ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 20.

Hatari ya kuyapuuza matunzo ilidhihirika mwezi Machi mwaka 2024. Mhandisi Andres Freund aligundua kwamba kuingia katika kompyuta yake kulichelewa kwa takriban nusu sekunde kuliko kawaida. Alipochunguza alikuta mlango wa siri umefichwa ndani ya xz, maktaba ndogo ya kubana mafaili. Aliyeupachika alikuwa amejipatia imani ya mtunzaji aliyelemewa na kazi.

Kwa wanaotegemea skripti, tahadhari zipo na hazina gharama. Ni kuandika bayana toleo la kila maktaba iliyotumika, kuiamuru iseme inapokosea, kuhakiki aina ya namba kabla ya kujumlisha, na kuijaribu skripti kwa mahali ambapo jibu lake linajulikana. Kama ramani haiwezi kuionyesha Tandale mahali ilipo, haifai kuaminiwa inapoonyesha maji yatafika wapi.