Mafuta Hayapandi, Hupandishwa

Jioni ya tarehe 14 ya kila mwezi, hapa mtaani Buruburu, redio hufunguliwa sauti zaidi ya kawaida. Ndiyo jioni ambayo EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na mafuta, hutangaza bei za juu kabisa zitakazotumika kuanzia usiku wa manane hadi tarehe 14 ya mwezi ufuatao. Udhibiti huu wa bei ulianza Desemba 2010, na umezoeleka hivi kwamba hata watoto wanaungoja kama wangojavyo siku ya kufunga shule. Tangazo likiisha, jirani yangu hutoka uani na kunipazia sauti kutoka ng'ambo ya ukuta: "Mwalimu, yamepanda!" Nami humjibu: "Yamepanda tena?" Kisha kila mmoja hurejea ndani akapige hesabu zake.

Kazi yangu ni kufundisha isimu, na maradhi ya kazi hiyo ni kwamba mtu husikiliza namna jambo linavyosemwa kabla ya kulisikiliza jambo lenyewe. Sentensi ya jirani yangu imenikera kwa miaka. Mafuta yamepanda. Kisarufi, mafuta ndiyo mtenda, kama vile mtoto apandapo mwembe kwa miguu yake mwenyewe. Hakuna aliyeyasukuma wala aliyeyashikia ngazi. Na hali lugha yetu haina upungufu katika jambo hili. Inatupa kauli ya kutendesha na ya kutendwa, tena inaturuhusu kuziunganisha katika neno moja. Sema mafuta yamepandishwa, na papo hapo msikilizaji atadai ukamilishe: yamepandishwa na nani?

Jibu, kwa haki, lina sehemu mbili. Moja iko mbali nasi: bei ya soko la dunia, na thamani ya shilingi mbele ya dola. Nyingine iko papa hapa Nairobi, na ina tarehe. Septemba 2022 serikali mpya iliondoa ruzuku ya petroli, na bei ya lita jijini ikaruka kutoka shilingi 159.12 hadi 179.30 kwa usiku mmoja. Tarehe 1 Julai 2023 ushuru wa thamani ya ziada kwa mafuta uliongezwa maradufu, kutoka asilimia 8 hadi 16. Kufikia Septemba 2023 petroli ilikuwa imevuka shilingi 200 kwa mara ya kwanza, ikauzwa 211.64, mwezi uliofuata ikafika 217.36. Julai 2024 nayo ada ya kukarabati barabara ikatoka shilingi 18 kwa lita hadi 25. Mtu anaweza kuyatetea mambo haya yote. Barabara hazijikarabati, na hata mshahara wa mwalimu hutoka katika kodi. Asichoweza kufanya mtetezi huyo ni kudai kuwa mafuta yalipanda yenyewe.

Katika orodha ya Septemba 2023 kulikuwa na tarakimu ambayo watu wenye magari hawakuitupia jicho. Dizeli ilikuwa shilingi 200.99. Mafuta taa yalikuwa 202.61. Yaani mama wa Dandora aliyekwenda kituoni na chupa yake ya plastiki ili apikie wanawe kwa stovu, alilipia kila lita zaidi ya mwenye lori! Chanzo ni cha 2018. Kabla ya hapo mafuta taa yalikuwa rahisi, na wafanyabiashara walaghai wakawa wanayachanganya na dizeli ili wajipatie faida. Dawa iliyobuniwa ikawa ada ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa, ili mlaghai asione tofauti ya bei ya kumtamanisha. Hesabu ni sahihi. Ila walaghai walikuwa wachache na wenye stovu ni wengi, na ni hawa wa pili waliotozwa. Katika vyumba vya kupanga vya Kayole na Dandora stovu nyingi ziliwekwa chini ya kitanda. Jiko la makaa likarudi mlangoni, na maharagwe yakawa ya kununuliwa yakiwa yamekwisha chemshwa, kikombe kwa kikombe, kwa sababu kuyapika saa tatu ni anasa.

Sisi wenye vigari vikuukuu tuna vituko vyetu. Simama dakika kumi kando ya pampu yoyote ya barabara ya Jogoo usikilize. Neno "lita" limetoweka vinywani. Hakuna asemaye "nitilie lita kumi". Husema "weka ya mia tano", na wengine, wakiwa wameteremsha sauti, "weka ya mia mbili". Kipimo cha mafuta kimekuwa mfuko wa mnunuzi. Nawajua madereva wanaozima injini kwenye foleni na kuliachia gari lijiendee kwenye mteremko, mchezo ambao siupendekezi kwa mtu mwenye breki za mashaka. Nawajua walimu wanne wa mtaani kwetu walioacha magari matatu nyumbani, wakawa wanasafiri katika moja na kuchangia petroli. Zamani wasingeafikiana hata juu ya redio ipi isikilizwe.

Lakini wakazi wengi wa Eastlands hawana gari, na kwao bei ya mafuta hutangazwa na makanga. Jina matatu, kama tulivyosimuliwa na wazee, latokana na sarafu tatu za senti kumi zilizokuwa nauli ya awali. Nauli ile imekufa. Jina limebaki kama kaburi lake. Ndivyo inavyokwenda hata kwa Sheng iliyozaliwa katika mitaa hii hii: kijana bado anajua kuwa ashu ni shilingi kumi na mbao ni ishirini, ila hajui gari litakalomfikisha mjini kwa mbao. Nauli ya matatu haipangwi na serikali wala haichapishwi popote. Hutamkwa mlangoni, hupaa kukinyesha, na hupaa tena usiku wa tarehe 14. Kushuka ndiko haikujui. Mapema 2024 shilingi ilipata nguvu, na kufikia Oktoba 2024 petroli ilikuwa imeteremka hadi 180.66. Katika njia niipandayo mimi, nauli ilikuwa imeongezwa shilingi ishirini mwaka uliotangulia. Sikuona hata moja ikirudishwa. Ukiuliza, utajibiwa kwa habari za spea, magurudumu na mikopo ya magari, na huenda mengi katika hayo ni kweli. Nao makanga hulala vyumba vile vile vya kupanga.

Nina deni la kueleza. Muhula wa mwisho wa 2023 nilikuwa na darasa la saa mbili asubuhi, na nilijiwekea kanuni ya kufunga mlango ifikapo saa mbili na dakika tano. Kijana mmoja wa mwaka wa pili aliukuta umefungwa mara tano. Niliandika jina lake pamoja na la wavivu wengine. Alipokuja ofisini hakuja kulalamika, alikuja kuuliza kama angeweza kunakili maandishi ya mwenzake. Nikamuuliza anakaa wapi. "Kayole, Daktari." Na gari? Akanieleza kwamba nauli ya asubuhi ilikuwa imepita pesa alizopewa, kwa hiyo alikuwa akitembea kutoka Kayole hadi Hamza, ndipo akapanda kwa nauli nafuu ya kipande kilichosalia. Mwendo wa zaidi ya saa moja na nusu, gizani.

Hamza! Ndipo ninapoingilia barabara ya Jogoo kila asubuhi. Gari langu lina viti vitano, na katika muhula ule mzima vinne vilikuwa vimebeba mkoba wangu na koti. Yamkini nilikuwa nimempita zaidi ya mara tano. Tangu wakati ule mlango sikuufunga tena, na ikifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi husimama Hamza nikapakia watatu au wanne. Nilimfutia yale makosa ya mahudhurio. Maswali ya mtihani yaliyotoka katika vipindi alivyokosa sikuweza kumfutia.

Nakumbuka pia jioni ya tarehe 14 Oktoba 2023. Jirani alipaza sauti kama ada yake: "Mwalimu, yamepanda!" Siku hiyo niliamua kumsahihisha. Nikasogea ukutani nikamwambia, "Sema yamepandishwa. Kisha uniulize yamepandishwa na nani." Akanyamaza kitambo, nikadhani anaitafakari sarufi yangu.

"Mwalimu," akasema, "wewe unayo ya kukufikisha kazini Jumatatu?"

Nilikuwa nayo ya mia tatu.